Vyombo vya Kaure Katika Makaburi ya Pwani

Habari yangu ya leo ni habari ya sahani, mabakuli na mitungi ya zamani. Huenda wako watakaocheka na kusema, "Mwalimu amekosa la kusema. Historia ni habari za wafalme na vita. Sahani ni mambo ya jikoni." Lakini wengi katika masultani wa pwani hii hawakutuachia hata mstari mmoja wa maandiko, na sahani zao ziko. Ziko kwa maelfu, nzima chache na zilizovunjika tele. Tena wako watu wanaozitafuta kwa bidii, wengine wapate kujifunza, wengine wapate kupamba majumba yao, na wengine wapate kuuza. Basi yafaa mwenye shamba lenye magofu, na mwanafunzi apitaye penye magofu aendapo shule, wakijue kitu hicho kabla hajaja mgeni kuwapa bei ya mfuko wa sukari.

Mtu akitoka Dar es Salaam akaifuata pwani kwenda kaskazini hufika Kunduchi. Hapo pana gofu la msikiti, na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mengi katika hayo ni ya karne ya 18. Baadhi yake yana nguzo, na katika nguzo na kuta hizo mafundi walitia mabakuli ya kaure. Waliyazamisha katika chokaa ingali mbichi, nayo ilipokwisha kushika ukabaki uso wa ndani wa bakuli tu, ukitazama nje. Desturi hiyo haikuwa ya Kunduchi peke yake. Iko Kaole, karibu na Bagamoyo. Iko Mambrui, kaskazini ya Malindi. Iko mpaka visiwa vya Lamu. Kilwa Kisiwani, katika msikiti mdogo wenye kuba, vyombo vilitiwa darini, mtu ainuapo macho avione juu ya kichwa chake.

Kwa nini walifanya hivyo? Watu hutoa sababu nyingi. Wako wasemao kuwa ni pambo tu, maana kaure hung'aa jua linapoipiga. Wako wasemao ni heshima ya maiti, kwamba mtu aliyekuwa na vyombo vizuri nyumbani mwake asikose kujulikana kaburini. Na wako wasemao ni kinga ya jicho baya. Mimi naona kuwa sababu hizo hazigombani, na mtu mmoja aweza kuwa nazo zote tatu.

Atakayekwenda kuyatazama makaburi hayo leo ataona jambo la kusikitisha. Mahali pengi palipokuwa na bakuli pamebaki tundu la mviringo, au kitako cha bakuli peke yake, kilichogandama katika chokaa. Watu wameyachokoa. Tena kazi yenyewe ni ya kijinga, kwa sababu chokaa ya kale imeshika kama jiwe, na mwenye kuchokoa apate bakuli zima aghalabu huondoka na vigae mkononi, kaburi la mwenziwe amekwisha kuliharibu.

Kabla ya kwenda mbele, yatupasa kuvitofautisha vyombo kwa udongo wake na kwa moto wake, kwa kuwa watu wengi hukiita kila chombo king'aacho "cha Kichina". Mfinyanzi wa kijijini kwetu huchoma vyungu vyake katika joko la kuni na majani makavu, wala moto huo mara nyingi haupiti digrii 900 za sentigredi. Udongo hushikana, lakini hubaki na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndiyo maana mtungi hutoka jasho na maji yake yakawa baridi.

Aina ya pili ni vyombo vya udongo mgumu, ambao, kwa kuwa hatuna jina moja lililozoeleka, nitauita udongo-jiwe. Huu huchomwa katika tanuri lililofungwa, kwa moto wa digrii 1,200 hivi, hata chembe zake zikaanza kuyeyuka na kushikamana. Chombo cha namna hii hakipenyezi maji hata kama hakikupakwa rangi ya kioo, na ukikigonga kwa ukucha hulia. Kasiki kubwa za rangi ya kahawia au kijani, zenye vishikio vidogo mabegani vya kupitishia kamba, zilizofanywa kusini ya China, ni za udongo huu. Watu wa bahari walizipenda, maana ziliweza kuchukua maji, mafuta, na hata vyombo vingine ndani yake, kama nitakavyoeleza.

Aina ya tatu ni kaure yenyewe. Hufanywa kwa udongo mweupe uitwao kaolini, jina litokalo Gaoling, mahali karibu na mji wa Jingdezhen katika China. Udongo huo huchanganywa na jiwe lililosagwa, ukachomwa kwa digrii 1,300 hivi. Kaure nyembamba ukiielekeza kwenye taa, utaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Kati ya udongo-jiwe na kaure kuna vyombo vya kijani vya Longquan, vizito, vyenye rangi ya jani bichi au ya bahari isiyo na kina. Vyombo hivyo vilipendwa mno katika nchi za Kiislamu, na wengi walisadiki kuwa sahani hiyo hupasuka ikitiwa chakula chenye sumu. Kama ni kweli au si kweli sijui mtawala gani aliyethubutu kupima, lakini wauzaji hawakuikanusha habari hiyo.

Sasa, vyombo vya China vilifikaje Lamu na Kilwa? Mwaka 1998 wazamiaji karibu na kisiwa cha Belitung, katika Indonesia, waliona jahazi lililozama. Lilikuwa limeshonwa kwa kamba bila misumari, kama ilivyokuwa mitepe ya Lamu. Ndani yake mlikuwa na vyombo 60,000 hivi. Vingi vilikuwa mabakuli ya udongo-jiwe kutoka matanuri ya Changsha, yenye picha za ndege, maua na mawingu zilizochorwa kwa haraka, si kazi ya kutia nakshi kwa subira bali kazi ya soko. Bakuli moja lilichorwa tarehe ambayo kwa hesabu yetu ni mwaka 826. Na mabakuli hayo yalifungwaje? Yalipangwa ndani ya kasiki kubwa za kijani, moja ndani ya jingine, kasiki moja ikichukua zaidi ya mia. Hiyo ndiyo hekima ya mfanya biashara: chombo kikubwa hukilinda kidogo, na mwisho wa safari vyote viwili vyauzwa.

Vigae vya mabakuli ya Changsha vimeonekana Shanga na Manda, visiwani Lamu. Huko vililala pamoja na vigae vya mitungi minene ya rangi ya samawati-kijani kutoka Iraki. Twaona basi njia yenyewe. Mali ilitoka China ikafika Ghuba ya Uajemi, na kutoka Ghuba ikashuka pwani yetu kwa upepo wa kaskazi, na majahazi yakarudi kwa kusi yakichukua pembe za ndovu, boriti za mikoko, na watu pia, waliotiwa utumwani, jambo ambalo tusilifiche tunapousifu uzuri wa sahani.

Wanafunzi wangu chuoni huniuliza habari za Zheng He, jemadari wa merikebu za China. Ni kweli kwamba safari zake zilikuwa kati ya mwaka 1405 na 1433, na kwamba merikebu zake zilifika pwani yetu. Ni kweli pia kwamba mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China, watu wakamstaajabia. Tena sarafu za mfalme Yongle, aliyemtuma, zimeonekana Mambrui na Manda katika uchimbaji wa miaka hii ya karibuni. Lakini asidhani mtu kuwa kila bakuli lililetwa na yeye. Vigae vya Shanga vimemtangulia Zheng He kwa zaidi ya miaka 500, na vile vya makaburi ya Kunduchi vilikuja nyuma yake sana. Kazi kubwa ilifanywa na wachuuzi wasiojulikana majina, Waajemi, Waarabu, Wahindi na watu wa pwani wenyewe, bandari kwa bandari.

Vyombo vilipofika havikuwa vya kulia tu. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita pwani hii mwaka 1331, asema kwamba huko Mogadishu aliletewa wali wa samli katika chano kikubwa cha mti. Mji tajiri, nao wawakaribisha wageni kwa chano cha mti! Kaure nyingi, nadhani, ilikuwa ya kutazamwa. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, za karne ya 18, ukuta wa ndani kabisa ulijazwa zidaka, yaani vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, na humo ndimo vilimokaa vyombo vilivyochaguliwa. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi kuililia Pate iliyoharibika, hakusahau kuvitaja vishubaka hivyo vilivyokosa vyombo vyake. Msomaji wa zama zake hakuhitaji kuelezwa maana: nyumba isiyo na kaure kidakani ilikuwa imekwisha kufa.

Wala si watu wa pwani peke yao waliopatwa na mapenzi hayo. Shah Abbas wa Uajemi, mwaka 1611, aliweka wakfu vyombo vya China zaidi ya 1,100 katika ziara ya Ardabil. Masultani wa Uturuki walikusanya katika jumba lao la Topkapi, mjini Istanbul, zaidi ya 10,000, navyo viko mpaka leo. Lakini aliyezidi wote kwa wazimu ni Augustus, mtawala wa Saxony katika Ujerumani. Mwaka 1717 alimpa mfalme wa Prussia askari wa farasi 600, naye akapokea vyombo vya kaure 151. Askari hao waliondoka na miguu yao, bila farasi wala silaha, kwa ajili ya mitungi! Huyu Augustus ndiye aliyemfungia ndani kijana mmoja, jina lake Böttger, aliyejisifu kuwa aweza kufanya dhahabu. Dhahabu haikupatikana. Ila yeye na mwanachuoni Tschirnhaus walipata kwanza udongo-jiwe mwekundu, kisha mwaka 1708 kaure nyeupe, na mwaka 1710 kiwanda kikafunguliwa Meissen. Ndivyo Ulaya ilivyoipata siri ambayo China ilikuwa nayo kwa karne nyingi.

Siri ilipojulikana bei ikashuka, na viwanda vya Ulaya vikaanza kufanya vyombo vya rahisi kwa udongo mweupe wa kawaida, si kaure hasa. Katika karne ya 19 vyombo hivyo vilimiminika Unguja na pwani yote. Vingi vilitoka Uingereza, vingine vilitoka Maastricht katika Uholanzi, katika kiwanda cha Petrus Regout. Mabakuli yenye maua makubwa ya rangi nyekundu, kijani na buluu, ambayo nyanya zetu waliyaweka kabatini yasiguswe na watoto, mengi ni ya namna hiyo. Haya nayo sasa yana wenye kuyakusanya. Ukitaka kujua umri wake, usiutazame uso, kipindue. Chombo cha Kiingereza chenye alama ya umbo la almasi iliyotiwa herufi na tarakimu ni cha kati ya mwaka 1842 na 1883. Kikiwa na jina la nchi, England, aghalabu ni cha mwaka 1891 au baadaye, kwa sababu mwaka huo sheria ya Marekani ilianza kudai kwamba mali ya kigeni iandikwe jina la nchi itokako.

Kwa vyombo vya China alama ya kitakoni yadanganya zaidi. Wafinyanzi wa huko waliandika jina la enzi ya mfalme, lakini wale wa enzi ya Kangxi, kati ya 1662 na 1722, mara nyingi waliandika jina la Chenghua aliyetawala miaka 200 nyuma yao, kwa kumheshimu yeye na kazi ya zama zake. Halafu wakaja wengine walioandika hivyo hivyo kwa hila tu. Mnunuzi asiyejua akaona jina la kale, akatoa fedha nyingi. Mjuzi hutazama kwanza ule mduara wa chini ambao chombo hukalia: umekatwaje, udongo wake una rangi gani mahali pasipopakwa rangi ya kioo, una mchanga wa tanuri uliogandama au hauna.

Basi hapa ndipo njia za watu wawili zinapoachana, mwenye kukusanya kwa ajili ya uzuri na mwenye kuchimba kwa ajili ya historia. Wa kwanza hutaka chombo kizima, wala hajali kilitoka wapi, au kwa hakika zaidi hapendi kuulizwa. Wa pili humtosha kigae cha ukubwa wa kidole gumba, maadamu ajue kililala wapi. Mwaka 1955 Sir Mortimer Wheeler, mchimbaji mashuhuri wa Uingereza, alipita pwani ya Tanganyika mpaka visiwa vya Kilwa. Alisema kuwa maisha yake yote hakupata kuona vigae vingi vya China kama hivyo, ambavyo mtu angeweza kuvichota kwa sepetu, na kwamba historia ya nchi hii katika zama hizo imeandikwa juu ya vigae hivyo. Kabla yake, tangu mwaka 1948, James Kirkman alikuwa akichimba Gedi, karibu na Malindi. Nyumba zisizo na jina wala mwenyewe alizipa majina ya vitu vilivyoonekana ndani yake: nyumba ya bakuli la kaure, nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma. Neville Chittick akachimba Kilwa tangu 1960 hata 1965, kisha Manda.

Nisikilizeni vema hapa, maana watu wengi hukosea. Kigae hakituambii moja kwa moja nyumba ilijengwa mwaka gani. Chukua mfano wa bibi aliyerithi sahani kwa mamaye, mamaye naye kwa mamaye. Sahani ikivunjika leo ikatupwa jaani, mtu atakayechimba jaa hilo atasema nini? Akisema jaa hili ni la miaka 100 iliyopita, amekosea. Lakini akisema haliwezi kuwa la kale kuliko sahani hiyo, amesema kweli. Vivyo hivyo, ikiwa chini ya sakafu ya chokaa, iliyo nzima isiyochimbuliwa, kimeonekana kigae cha buluu na nyeupe cha Jingdezhen, ambacho hakikufanywa kabla ya karne ya 14, basi sakafu ile haikuwekwa kabla ya karne ya 14. Na vikionekana vigae 50 vya umri mmoja, wala kisionekane kilicho kipya kuliko hivyo, hesabu yakaribia kuwa sawa. Ushahidi huo wote watokana na mahali. Kigae kile kile kikiwa mfukoni mwa mtu hakina la kusema ila kwamba China walijua kufinyanga, jambo ambalo twalijua.

Na bado kuna la kuambiwa juu ya wachimbaji wenyewe. Wale wa kwanza, pamoja na elimu yao, walipenda mno vyombo ving'aavyo. Waliona kaure ya China na vyombo vya Uajemi, wakaona misikiti, wakahukumu kuwa miji hii ilianzishwa na wageni waliokuja kwa bahari, na Mwafrika alikuwa mtumishi tu mlangoni. Lakini katika kila shimo lililochimbwa pwani, vyombo vya kigeni ni sehemu ndogo. Vigae vingi kupita vyote ni vya vyungu vya wenyeji, vyeusi na vyekundu, visivyo na mnunuzi. Vilipokuja kuhesabiwa na kuchunguzwa kwa subira, habari ikageuka. Mark Horton alichimba Shanga kati ya 1980 na 1988, akashuka tabaka kwa tabaka mpaka karne ya 8. Chini kabisa, mahali palipokuwa na nyumba za miti na udongo, mlikuwa na vyungu vya wenyeji, na namna ya vyungu hivyo yafuatana mpaka juu kwenye nyumba za mawe bila kukatika. Kwa upande wa Tanzania, Felix Chami aliandika mwaka 1994 habari za vyungu vyenye pembetatu zilizochorwa shingoni na mabegani, navyo huonekana pwani na bara pia. Mama mmoja aliyechora pembetatu kwa ncha ya kijiti, na mwenzake aliye mbali naye safari ya siku nyingi akachora vivyo hivyo, wametuambia kwamba watu wa miji hiyo walikuwa wa nchi hii. Sahani ya Longquan isingeweza kutuambia hivyo, na mkusanyaji wa vyombo vizuri angekitupa chungu kile ili apate nafasi ya sahani.

Suala la biashara ya vyombo hivi lina ugomvi mkubwa hata kwa wenye elimu. Mwaka 1697, Waarabu wa Oman walipoizingira Ngome ya Yesu, merikebu ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná ilizama bandarini Mombasa. Kati ya 1977 na 1980 ilichimbwa chini ya maji na wataalamu, kila kitu kikaandikwa mahali pake, na kaure na mitungi iliyotolewa ikawekwa katika makumbusho ndani ya ngome yenyewe. Mwenyeji wa Mombasa aweza kuviona. Jahazi la Belitung lilikuwa na bahati nyingine. Lilitolewa na kampuni ya biashara kwa idhini ya serikali, na mali yake ikauzwa Singapore mwaka 2005 kwa dola milioni 32 hivi. Wapo waliosema afadhali, maana mali haikutawanywa, wala haikuachiwa wezi. Na wapo waliosema kuwa ukinunua mali iliyotolewa kwa haraka ya biashara wawafundisha wengine kutoa zaidi. Kwa sababu hiyo maonyesho yaliyokuwa yafanyike Washington yaliahirishwa mwaka 2011, wala hayakufanyika huko. Mimi niko pamoja na hawa wa pili, ingawa nakiri kwamba mabakuli hayo yamenifundisha mengi.

Kwetu sheria iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Katika Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yavilinda vitu vilivyofanywa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Katika Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 yavihesabu kuwa vya kale vitu vilivyofanywa nchini au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Mwenye kukuta kitu cha namna hiyo hupasiwa kutoa habari, wala hana ruhusa ya kukitoa nje ya nchi kwa hiari yake. Basi mgeni anayekuja na fedha mkononi, akataka uende ukamchokolee bakuli kaburini, akuomba ufanye kosa ambalo yeye hatalijibu.

Kwa mwalimu na wanafunzi wenye magofu karibu nao, iko kazi isiyo na gharama. Chukueni daftari, kalamu ya risasi na rula. Andikeni jina la mahali, na kaburi la ngapi kutoka mlangoni au kutoka mti fulani. Bakuli lililobaki lichoreni lilipo, mpime upana wake, mtaje rangi na picha iliyomo, wala msilisugue kwa maji wala kwa mchanga. Kigae kilichoko juu ya ardhi kiacheni palepale, lakini andikeni kiko hatua ngapi kutoka ukutani. Jembe likiinua kigae shambani, msichimbe kutafuta kingine. Wekeni alama, mkapeleke habari kwa afisa wa mambo ya kale au makumbusho yaliyo karibu. Vigae vya vyungu vya kienyeji viandikeni pia, kwa usawa na vile ving'aavyo. Na mahali ambapo bakuli limekwisha kung'olewa, pimeni tundu, maana chokaa imeshika umbo la bakuli, na kwa upana na kina chake mtaalamu aweza kutambua lilikuwa sahani au bakuli, na pengine kulilinganisha na chombo kilichomo katika makumbusho kisichojulikana kilitoka kaburi gani.